Maswali na Majibu: "Fundi, nichukue ya HP ngapi?"

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Usa River. Kiwanja changu ni ekari moja. Nyumba iko katikati, nyuma kuna miparachichi na migomba, kisha ardhi inashuka kuelekea mtoni. Nyasi ni kikuyu. Magoti hayaniruhusu tena kusukuma mashine ya kukata nyasi, na kijana aliyekuwa ananisaidia amepata kazi mjini. Nimempata mtu Arusha anauza mashine ya kukalia, mtumba wa Marekani, HP 24, upana wa kukata inchi 54, bei nzuri. Anasema hiyo ndiyo saizi ya ekari moja, ndogo ya hapo itanifia. Ina kasoro moja tu: swichi ya chini ya kiti inasumbua, ila fundi wake ataitoa bure. Je, HP 24 zinatosha? Geti la kuingilia uani lina upana wa sentimita 120.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu.

Inchi 54 ni sentimita 137. Geti lako ni 120. Mashine hiyo haitaingia uani kwako labda uvunje ukuta, na tungeweza kuagana hapa hapa. Lakini umenigusa penye kidonda. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza "HP ngapi?", na karibu wote hawajapima geti, hawajapima mteremko, hawajui nyasi zao ni kiasi gani. Wewe angalau geti umelipima. Ualimu huo.

Nianze na hizo HP (nguvu za farasi), maana ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe.

Namba ya HP iliyobandikwa kwenye boneti si nguvu inayofika kwenye visu. Kwa kawaida ni nguvu ya injini iliyopimwa peke yake kiwandani, mara nyingi bila ekzosi na chujio la hewa ambavyo itafanya navyo kazi. Ukishafunga hivyo vyote, ukaongeza mkanda wa kuzungusha visu na gia ya kusukuma magurudumu, namba inashuka. Marekani kwenyewe wateja waliwashtaki watengenezaji wakidai HP zinazoandikwa zimetiwa chumvi, na kesi hiyo, iliyokuwa mbele ya mahakama ya Milwaukee, iliisha kwa maridhiano ya mamilioni ya dola mwaka 2010. Tangu hapo injini nyingi za mashine za kusukuma zinaandikwa cc (ukubwa wa injini) badala ya HP. Wauzaji wetu hapa bado wanaandika HP kwa herufi kubwa, na baadhi yao wanachapisha stika wenyewe. Nimewahi kufungua boneti iliyoandikwa 24, ndani nikakuta injini ya silinda moja ya cc 500. Hiyo ni kama HP 17, tena siku ikiwa na afya.

Ukitaka kumbana muuzaji, achana na stika, soma namba ya modeli iliyogongwa kwenye bati la injini. Kwa injini za Briggs & Stratton, ambazo ndizo utakazokutana nazo sana kwenye mtumba, tarakimu mbili za mwanzo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Ikianza na 31, hiyo ni kama cc 500. Stika inabandikwa kwa dakika moja, namba ile iligongwa kiwandani.

Halafu kuna mwinuko wa eneo, ambao muuzaji hakutajii kwa sababu hata yeye haujui. Injini ya petroli isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Usa River mko kama mita 1,200 juu, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshaondoka kabla hujawasha. Wa Njombe, waliokaribia mita 2,000, wanapoteza karibu moja ya tano. Kwa hiyo hata HP halisi si namba moja: mashine ile ile ikiwa Tanga ni nyingine, ikiwa Njombe ni nyingine.

Sasa utaniuliza, kama ni hivyo si ndiyo sababu ya kuchukua kubwa? Hapana, Mwalimu, na hapa ndipo ninapokosana na wateja. Uamuzi wa HP si wako. Kiwanda kilishauamua. Anayetengeneza deki (lile sinia la chuma linalofunika visu) la inchi 38 au 42 ameshalifungia injini inayoliweza, na ameacha akiba. Huwezi kununua deki la inchi 42 jipya ukakuta lina injini ya pikipiki. Unachochagua wewe ni upana wa deki, aina ya gia, na mashine inayokaa vizuri kwenye ardhi yako. Injini inakuja na hivyo.

Tupige hesabu basi. Ekari ni mita za mraba 4,047, lakini hiyo ni kiwanja, si nyasi. Toa nyumba, njia ya gari, migomba, bustani, banda la kuku kama unalo. Sitashangaa ikibaki nusu ekari, tuseme mita za mraba 2,000. Pima kwa hatua, ukishapata urefu na upana wa kila kipande jumlisha. Deki la inchi 38, yaani sentimita 97, likienda kilometa 5 kwa saa, ukiondoa robo ya muda kwa kugeuka na kupishanisha mistari, linakata mita za mraba 3,600 kwa saa. Nyasi zako zote ni dakika 35. Weka na kuzunguka miparachichi, fanya 50. Lile la inchi 54 lingekuokolea dakika kumi kwenye karatasi, na kati ya miti zote zingerudi, kwa sababu lingekuwa linagonga magome na kuacha vishungi kila shina.

Kwa msomaji mwingine mwenye nusu ekari na magoti mazima, ningesema usinunue mashine ya kukalia kabisa. Ya kusukuma ya inchi 21 inamaliza kwa saa moja na robo hivi. Wewe una sababu, kwa hiyo nunua, ila inchi 38, au 42 kama bomba la kutolea majani linatokea nyuma. Lile la pembeni huongeza sentimita kadhaa upande mmoja, na geti lako halina sentimita za kugawa. Nenda dukani na futi ya kupimia, pima sehemu pana kabisa ya mashine. Usipime deki peke yake.

Gia: chukua ile ya mafuta, ya haidrostati, unayoiongoza kwa pedali. Kwa magoti yako pedali nyepesi ni bora kuliko kukanyaga klachi kila mti. Ubaya wake ni kwamba zile ndogo hazipendi kupandisha mlima siku nzima wala kuvuta trela la samadi. Mafuta yake yanachemka, nguvu inapotea, na nyingi zimefungwa kiwandani kiasi kwamba fundi wa kawaida hana pa kuanzia.

Mteremko ndio ulionipa wasiwasi zaidi kwenye barua yako, na umeutaja kama unavyotaja migomba. Chukua ubao wa mita moja na pima maji. Weka ncha moja ardhini upande wa juu, shika ubao uwe sawa kabisa, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka hadi chini. Ikizidi sentimita 27, mteremko umevuka nyuzi 15, na vitabu vya watengenezaji wengi vinakataza kabisa kupita hapo ukiwa juu ya mashine. Chini ya hapo, panda na kushuka moja kwa moja, usikate kwa ubavu, na umande ukiwepo subiri ukauke. Zile mashine za mikono miwili zinazogeuka papo hapo, ambazo vijana wanazipenda, sahau. Magurudumu yake ya mbele yanajizungukia tu kama ya toroli la supamaketi, hayana usukani. Nyasi zikiwa na maji kwenye mteremko, inakupeleka inakotaka. Ule ukingo wa mtoni mwachie jirani mwenye ng'ombe. Kikuyu ni malisho mazuri, atakuja na kamba mwenyewe.

Nirudi kwenye hii imani ya nguvu, maana madhara yake hayaishii kwenye pesa.

Mtu ananunua mashine, miezi miwili baadaye inakwama kwenye kikuyu. Anasema "haina nguvu". Anaitwa fundi maiko. Huyu hafungui deki kuangalia visu. Anafungua boneti, anaikaza springi ya gavana (kifaa kinachozuia injini isizidi kasi), injini inalia kama pikipiki ya mashindano, mteja anafurahi, analipa. Injini hizi zimepangiwa kutozidi mizunguko 3,600 hivi kwa dakika, na ndani yake konrodi (mkono unaoshika pistoni) mara nyingi ni ya aluminiamu. Ukiizidisha inachomoka na kutoboa bloku, na hapo mashine imekuwa chuma chakavu. Kabla ya hapo visu vyenyewe vimekuwa hatari. Viwango vya usalama vya Marekani vinataka ncha ya kisu isizidi futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilometa 350 kwa saa. Hapo bado hujakaza kitu. Kokoto ikigongwa kwa mwendo huo haichagui mguu wa nani.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Katika gereji yangu karibu kila mara ni kisu butu. Kikuyu haikui kama nyasi nyingine. Inatambaa na kusukana kama mkeka, na kisu butu hakiikati, kinaivuta. Injini inahangaika, mteja anasikia "haina nguvu". Kingine ni deki lililojaa majani yaliyogandamana kwa chini, mkanda uliolegea, au chujio la hewa jeusi kama sufuria ya shughuli. Noa visu pande zote mbili sawasawa, kitundike kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati uone kama kimelala sawa, kwangua deki, na usisubiri nyasi zifike magotini ndipo ukate. Ondoa theluthi moja ya urefu kwa mara moja, si zaidi. Mashine ya HP 17 ikihudumiwa hivyo itaiaibisha ya 24 yenye visu vya kukatia uji.

Na kisu kilichopinda au kuchanika hakichomelewi. Naandika hili nikijua kuna mtu leo atapelekewa kisu na kuwasha gesi. Moto unaharibu ugumu wa chuma mahali usipopaona, na siku kitakapokatika kitatoka chini ya deki na hujui kinaelekea wapi.

Sasa hiyo swichi "inayosumbua". Chini ya kiti kuna swichi inayojua kama umekaa. Visu vikiwa vinazunguka nawe ukinyanyuka au kuanguka, inazima. Nyingine iko kwenye breki, nyingine kwenye kuwasha visu, na mashine nyingi zina ya rivasi, inayozima ukirudi nyuma huku visu vinafanya kazi. Ile ya rivasi iliwekwa kwa sababu ya watoto. Mtoto anasikia mashine, anakuja mbio kwa nyuma, na dereva anatazama mbele. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asiyefika miaka 16 asiendeshe mashine ya kukalia, na mtoto asipakatwe juu yake hata kidogo. Kwetu huku mjukuu anapandishwa mapajani ili apigwe picha.

Kishoka anafanya nini? Anakata waya mbili, anazisokota pamoja, anazungushia utepe mweusi. "Imepona." Haijapona, imenyamazishwa. Swichi yenyewe ni kipande cha plastiki, ni spea ndogo, inabadilishwa kwa nusu saa, na mara nyingi haina hata ubovu, plagi yake tu imeingia kutu au panya wametafuna waya. Anayekwambia ataitoa bure anakwambia hataki kuitafuta shida. Na kama ametoa hiyo, mimi najiuliza nini kingine ametoa ambacho hakukitaja.

Kwa hiyo kwa mashine yoyote utakayokwenda kuiona, ya huyo bwana au ya mwingine, kwanza gusa injini kabla hajaiwasha. Ikiwa ya moto, ameshaihangaikia asubuhi ili iwake mbele yako. Angalia mita ya saa za kazi, kisha linganisha na pedali: mita ikisema saa 150 na mpira wa pedali umekwisha hadi chuma, mojawapo inadanganya. Shika ncha ya kisu injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, kipandishe na kukishusha. Kikicheza, beringi zimekwisha. Mwisho kaa kitini, mwambie kila mtu asogee mbali, funga breki, washa, washa na visu, kisha nyanyuka sentimita chache tu bila kutoa miguu. Mashine inatakiwa ijizime yenyewe. Ikiendelea kunguruma, kaa, zima, mrudishie ufunguo wake.