Chakula cha Kabatini, Bila Masimango

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, kabati la chakula mtaani kwetu nalipita kila jioni. Nyumbani sina kitu, lakini miguu haifiki pale. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama stejini Kongowea, na matatu mbili zikanipita. Miguu hiyo naijua, ilikuwa yangu.

Mwaka 2020 nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Korona ikaingia, Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Wageni wakaisha. Tukaambiwa tungoje nyumbani, tutaitwa. Sikuitwa. Ramadhani ikatukuta tukifuturu uji mtupu, mimi na wanangu wawili, chumba kimoja Kisauni.

Bi mkubwa mmoja wa mtaani alikuwa ametoa kabati lake la vyombo akaliweka barazani, akalijengea kibati juu mvua ya masika isiingie. Mlangoni aliandika kwa chaki: "Chukua la leo. Ukijaaliwa, weka." Nililizunguka siku nne. Ya tano nilitoka kafyu ilipokwisha tu, saa kumi na moja alfajiri, nimebeba mfuko wa taka ili atakayeniona adhani naenda kutupa. Nikachukua pakiti moja ya unga na chumvi. Nilipokuwa nafunga mlango nikasikia mtu akikohoa nyuma ya pazia. Hakutoka. Mpaka leo naamini alikohoa ili nijue kwamba ameniona na hana neno nami. Sijawahi kusitiriwa vile na mtu.

Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Kundi la vijana lilileta maboksi, wakaniomba nishike unga nitabasamu wanipige picha. Nikashika, ningekataaje? Jioni picha ilishazagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mama yangu, huko Lamu, aliiona kabla sijamwambia kwamba kazi imekwisha. Hakuniuliza kitu. Alinitumia shilingi 300 kwa M-Pesa, na najua hakuwa na 300 nyingine. Nikiikumbuka pesa ile koo bado hunikaba.

Sasa nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na Ijumaa iliyopita nilijaza kabati lile lile: bunda zima la unga, pakiti 12, kwa jasho langu. Najivunia, wala sifichi. Najua nawe unayesoma hapa unataka ufike siku ya kuweka, kwa hiyo nisikilize.

Ukitoa, mfikirie atakayepika. Maharagwe makavu ni chakula kizuri, lakini yanamaliza makaa, na kuna mtu ananunua makaa ya mkebe mmoja kwa siku. Mimi naweka pojo, huiva upesi. Ukiwa na maharagwe tu, bandika karatasi umkumbushe aloweke usiku kucha. Usiweke unga uliokwisha kufunguliwa. Mombasa hii, kwa joto na unyevu wake, unga huingia ukungu na wadudu upesi, na sumu ya ukungu wa mahindi haiondoki kwa kupikwa. Ukiona umeshikana mabonge na una harufu, tupa, usimpe mtu. Samaki na maziwa mabichi si vya kabatini, mpelekee mtu mkononi.

Mwisho wa Ramadhani tunatoa fitri pishi moja kwa kila aliyemo nyumbani, vibaba vinne, na ni chakula kile kile tunachokula wenyewe. Basi na kabatini iwe hivyo. Pakiti iliyopitwa na tarehe, ambayo wewe mwenyewe umeiogopa, usiigeuze sadaka. Na simu yako iache mfukoni! Ukishampiga mtu picha na unga wako, umemuuzia, na bei yake ni uso wake. Hayo ndiyo masimango, hata kama hukutamka neno. Wazee wetu walibeba sahani ya futari chini ya kawa, ikavuka uchochoro mzima, na hakuna aliyejua imetoka wapi wala imeingia nyumba gani. Stara hiyo tumeitupa wapi?

Na wewe dada uliyeniandikia: chukua. Chukua la leo, na kama watoto ni wengi chukua la kesho pia, hakuna anayehesabu. Nenda alfajiri au baada ya magharibi, watu wanapokuwa wachache. Usimweleze mtu shida zako, hata akikuuliza. Ukikuta kabati tupu usidhani umekataliwa. Mara nyingi hujazwa tena Ijumaa, baada ya swala. Kama kabati lenyewe ni la Kisauni, upande wangu, Ijumaa hii nitaweka pojo, mchele na chupa ndogo za mafuta kwenye rafu ya chini, nyuma. Nitaweka mapema, kisha nitaondoka.