Maelfu kwenye gonadi, kumi na kitu kwenye ubongo: namba za jeni za dume na jike zisomwe vipi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Ninasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya viumbe wa baharini. Nimechukua madume sita na majike sita wa samaki wa kufugwa, wote wa spishi moja, nikasoma RNA (nakala zinazotolewa na jeni zinapofanya kazi) ya gonadi, yaani ovari au korodani, ya ini na ya ubongo ili nijue jeni zipi zinafanya kazi zaidi kwa dume na zipi kwa jike. Kwenye gonadi nimepata maelfu ya jeni zinazotofautiana, kwenye ini mia chache, kwenye ubongo kumi na kitu tu. Je, niandike kwamba ubongo wa samaki hawa haujui jinsia? Pia sampuli mbili za ovari mashine imezikataa kwamba RNA yake imeharibika. Nizitupe?

JIBU: Nzuri. Nianze na hilo la mwisho. Usizitupe kabla hujaufungua mchoro wenyewe, maana alama ya ubora inayotolewa na mashine peke yake inadanganya hapa. Mashine hupima uzima wa RNA kwa kutazama vilele viwili vikubwa vya RNA ya ribosomu (viwanda vya protini ndani ya seli), 18S na 28S, na ikikuta rundo la vipande vifupi inahesabu kwamba RNA imekatikakatika. Sasa yai changa la samaki hujiwekea akiba kubwa mno ya 5S, RNA fupi ya nyukleotidi kama 120 hivi, ikisubiri wakati wa kuunda ribosomu. Kwenye korodani 5S hiyo ni kidogo sana. Kwa hiyo ovari nzima kabisa inaweza kupewa alama mbovu. Ukiona kilele kimoja chembamba na kirefu upande wa vipande vifupi, huku 18S na 28S zikiwa bado zimesimama, hata kama ni ndogo, hapo una mayai machanga, huna RNA iliyooza. Ukiona mteremko uliotapakaa kutoka 28S hadi chini bila kilele cha maana, tupa. Tofauti hii ni ya kutegemewa kiasi kwamba wako watafiti wanaotumia uwiano wa 5S na 18S kuwatambua madume walioanza kuota mayai ndani ya korodani kutokana na uchafuzi wa maji.

Jambo hilohilo, kwamba ovari imejaa mayai, ndilo linaloeleza maelfu yako ya gonadi. Ovari iliyokomaa ni mayai kwa sehemu kubwa, na korodani iliyokomaa ni mbegu zilizo katika hatua mbalimbali za kutengenezwa. Ukizisaga na kuzilinganisha, ni kama umelinganisha ghala na karakana ukashangaa kwamba vifaa havifanani. Jeni ya mkia wa mbegu itaonekana "ya kiume" kwa kishindo, na jeni ya ganda la yai itaonekana "ya kike" vilevile, lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyoamua samaki awe dume au jike. Zimefuata tu baada ya uamuzi.

Na kuna shida ya hesabu ambayo wanafunzi wengi huipita. Njia zinazotumika sana kusawazisha hesabu za RNA zimejengwa juu ya dhana kwamba jeni nyingi hazibadiliki kati ya makundi mawili. Kati ya ovari na korodani dhana hiyo haisimami, kwa hiyo baadhi ya jeni zako zenye tofauti ndogondogo huenda zimezaliwa na usawazishaji wenyewe. Ukihakiki kwa PCR, yaani kupima jeni mojamoja, usichukue beta-aktini au 18S kama jeni ya rejea kwa mazoea, maana nazo huweza kutofautiana kati ya viungo hivi viwili. Zipime kwanza.

Jeni zinazoamua ni chache, na huenda nyingine zimezama kwenye orodha yako. Upande wa ovari tafuta foxl2 na cyp19a1a, ambayo hutengeneza aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estradioli, estrojeni kuu ya jike. Upande wa korodani tafuta dmrt1 na amh. Pande hizi mbili huvutana: upande mmoja ukishinda, mwingine hukandamizwa. Kwa Dicentrarchus labrax, samaki anayefugwa sana Ulaya, mabwawa hujaa madume, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha sababu mojawapo: joto likizidi wakati samaki bado ni wachanga, alama za methili (vibandiko vya kemikali juu ya DNA vinavyoweza kuizima jeni) huongezeka kwenye swichi ya cyp19a1a, aromatasi hupungua, na samaki ambaye pengine angekuwa jike hukua dume. Gayogayo wa China, Cynoglossus semilaevis, ana kromosomu za jinsia, jike ZW na dume ZZ, na bado joto humgeuza jike wa ZW kuwa dume anayezalisha. Kwa hiyo, kama spishi yako ina kipimo cha jinsia ya kijeni, kifanye kwa samaki wote kumi na wawili. Kumtazama gonadi tu hakutoshi kumwita dume.

Sasa ubongo. Hapana, usiandike hivyo. Umesaga ubongo mzima, na sehemu zinazotofautisha dume na jike ni vipande vidogo: eneo la priopitiki (kipande kinachohusika na tabia ya uzazi), haipothalamasi, na tezi ya pituitari kama uliichukua. Jeni ikipanda mara tatu katika eneo dogo kama hilo, inamezwa na sehemu iliyobaki. Kwa mtazamo wangu, kumi na kitu kutoka ubongo mzima si haba. Tazama kama cyp19a1b imo. Hiyo ni nakala ya pili ya aromatasi, inayofanya kazi zaidi kwenye ubongo.

Samaki wanaobadili jinsia ndio wanaonifanya nisiudharau ubongo. Thalassoma bifasciatum wa matumbawe ya Karibi, dume mkuu akiondolewa, jike mkubwa kuliko wenzake huanza kufukuza na kutongoza ndani ya dakika au saa chache, wakati ovari yake bado ni ovari. Gonadi hufuata baadaye: aromatasi hushuka, amh hupanda, na katika siku nane hadi kumi ana korodani yenye mbegu. Kwa Amphiprion ocellaris, samaki anayeishi kwenye anemoni, mwelekeo ni kinyume, dume huwa jike, na huko pia ubongo hutangulia gonadi kwa muda mrefu. Ukiweza kurudia, chukua eneo la priopitiki peke yake kwa samaki wachache, utajifunza zaidi kuliko kuongeza idadi ya bongo nzima.

Kwenye ini kuna mambo mawili. Kwanza, kama majike wako walikuwa wakubwa kuliko madume, baadhi ya jeni zako mia chache ni za ukuaji na si za jinsia. Ingiza uzito kwenye modeli kisha uone zinazobaki. Pili ni vitelojenini, protini ya kiini cha yai. Estradioli kutoka ovari husafiri kwa damu hadi kwenye ini na kuiwasha jeni ya protini hiyo, kwa hiyo jike aliye katika msimu wa kutengeneza mayai atakuwa nayo kwa wingi na jike aliyepumzika atakuwa nayo kidogo. Dume naye ana jeni hiyo hiyo na vipokezi vya kuiwasha. Kinachokosekana ni estrojeni ya kutosha. Kwa hiyo usiangalie wastani wa madume, angalia dume mmoja mmoja. Akiwa nayo mmoja tu, kagua lebo ya mrija wake kabla ya kitu kingine chochote. Wakiwa nayo wote sita, huenda kitu chenye kazi ya estrojeni kimewaingia kutoka nje: nenda ukaulize walilishwa nini, hasa kama chakula kina soya nyingi, na maji ya vizimba yanapokea uchafu kutoka wapi.