Maji meupe nayo yapimwe

Dada, kwa kuwa umesema kisima chenu kiko jirani na choo cha shimo, weupe wa maji usikutulize. Bakteria hawaonekani kwa macho. Nenda maabara ya maji ya mkoa, uombe kipimo cha E. coli, bakteria wanaotoka kwenye kinyesi. Wakupe chupa yao iliyotakaswa. Ya soda haifai, hata uisuuze vipi! Sampuli ikae kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Kama mmetia klorini juzi, subirini iishe, la sivyo majibu yatawadanganya. Kinachotakiwa ni E. coli 0 katika mililita 100 za maji. Pimeni hasa baada ya mvua kubwa, ndipo uchafu unapopenya. Kwa sasa, ya kunywa chemsheni.