Kwa unayeanza kuwahoji watu kuhusu imani

Ukiingia mtaani na dodoso la saikolojia ya dini, kabla ya swali la kwanza angalia nani mwingine amekaa hapo barazani. Kijana ukimuuliza kama anaamini Mungu huku mama yake anachambua mchele pembeni, jibu utakaloandika ni la mama. Ombeni nafasi msogee, au rudi siku nyingine.

Chukua sensa ya Kenya ya 2019. Waliohesabiwa kuwa hawana dini walizidi 755,000. Lakini karani wa sensa kwa kawaida huongea na mkuu wa kaya, naye huwajibia wote, hata binti aliyeacha kwenda kanisani tangu aanze chuo. Wapo pia zaidi ya 73,000 walioingizwa kwenye safu ya "hajui". Nani hasa hajui? Mwenye shaka mwenyewe, au baba asiyefahamu mwanawe amefikia wapi? Jedwali halisemi. (Tanzania ndiyo kabisa: sensa haijauliza dini tangu 1967.)

Huko Marekani, wanasaikolojia Will Gervais na Maxine Najle walizunguka tatizo la watu kutosema waziwazi kwa ujanja ninaoupenda. Kundi moja lilipewa orodha ya kauli za kawaida, kila mtu ataje ni ngapi zinamhusu bila kusema zipi. Kundi la pili likapewa orodha ileile na kauli moja ya ziada, ya kutoamini Mungu. Tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo ikawa makadirio ya wasioamini. Mwaka 2018 walitoa matokeo: wasioamini huenda wakafika asilimia 26, wakati waliokuwa wakiuliza waziwazi walipata kati ya 3 na 11. Hesabu hiyo haina uhakika mkubwa, ila mbinu ijue.

Halafu achana na dhana kwamba asiyeamini ndiye aliyefikiri zaidi. Jaribio la 2012 lilionyesha kuwa kutazama picha ya sanamu ya mchongaji Rodin ya mtu anayewaza hupunguza imani. Liliporudiwa 2017 kwa watu wengi zaidi, athari haikuonekana. Mimi namsikiliza zaidi Joseph Henrich, mtafiti wa jinsi utamaduni unavyorithishwa: mtoto huamini anachoona wakubwa wanakigharamia. Kwa hiyo uliza nyumbani nani alifunga, nani alitoa sadaka wakati unga umeisha.

Mwenye shaka ndiye atakayekusumbua, kwa sababu visanduku vya "ndiyo" na "hapana" havimtoshi. Mwanasaikolojia Daniel Batson aliihesabu hali ya kuuliza na kutafuta kuwa namna mojawapo ya kuwa mtu wa dini, na nakubaliana naye. Muulize alifanya nini alipofiwa mara ya mwisho, kisha nyamaza. Utakuta anayesema haamini aliitikia "amina" kila dua, wala hadanganyi popote.

Nao watakuuliza: "Na wewe je, dini gani?" Sema utajibu mkimaliza. Mkimaliza, jibu kweli, kwa ufupi, na usimwombe akubaliane nawe.