Mchanga unazama, nyuzi zinaudaka

SWALI: Wakuu habari zenu, mi nasomea mambo ya mafuta na gesi na kuna kitu kinanitatiza. Kwenye kupasua miamba kwa maji ya presha, mchanga unaingizwa ndani ili ufa usijifunge, sasa nasikia wengine wanachanganya na nyuzi eti mchanga usizame. Si wangeongeza tu mnato wa hayo maji? Nyuzi za nini?

JIBU: Salama mkuu. Mchanga lazima uzame, densiti yake ni kama 2.65 na maji ni 1, hapo hakuna kubembelezana. Piga hesabu kwa kanuni ya Stokes ya 1851, ile ya kasi ya punje kuzama: punje ya milimita 0.6 kwenye jeli (yaani hayo maji yakishaongezwa uzito) yenye mnato mara 100 ya maji inashuka kama milimita 3 kwa sekunde, unaona kidogo eeh, lakini kwa saa moja hizo ni mita 11 na ushee, na mwamba usiopitisha maji kirahisi unaweza kukaa masaa kibao baada ya pampu kuzimwa ndo ufa ujifunge na kuubana mchanga, sasa mchanga wote ushalala chini, juu kumejibana, gesi ipite wapi?

Mnato unasaidia kweli, ila kuupandisha ni kumwaga unga zaidi wa guari (mbegu za mmea zinazofanya maji yawe mazito), na masalia yake yanaziba vinjia vilevile ulivyokuwa unavitafuta, halafu joto la huko chini linailainisha jeli yako.

Nyuzi zinafanya kazi tofauti kabisa. Ni za milimita chache tu, nyembamba kuliko unywele, zinashikana zikawa kama wavu na punje ikitaka kushuka inakwama. Ndo maana Stokes hapa anakudanganya, yeye alihesabu punje moja iko peke yake kwenye kimiminika kitupu. Ila zikiwa chache hazigusani, wavu hakuna, mchanga unazama kama kawaida, na ukizidisha zinaziba ufa mwembamba mapema (hapo wengi wanajuta). Na usiamini sana jaribio la jagi la kioo maabara, kwenye ufa kuta ziko karibu, nyuzi zinazishika, matokeo yanabadilika.

Kuhusu kuzitoa, nyingi ni plastiki ya asidi ya laktiki, maji ya moto yanazivunja zenyewe taratibu ufa ukishaubana mchanga. Kisima chenye joto dogo zinachelewa mno, kwa hiyo uliza joto kwanza ndo uchague nyuzi.