Baridi utaizoea, barafu ndiyo ya kuogopa

Ndugu yangu, umeuliza utaanzaje maisha huko ulikohamia, kwenye theluji nyingi kuliko ulikotoka, na umesema baridi inakutisha kuliko upweke. Mimi ningeanza na miguu. Nunua buti zenye soli ya mpira yenye mifereji, zikuzidi kidogo ili soksi nzito ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kikibana damu haifiki vizuri vidoleni, na hapo hata soksi tatu hazikusaidii. Nguo ya ndani ya pamba iache kabatini. Ikishika jasho haikauki upesi, nayo ndiyo itakayokutetemesha.

Ninachokuhofia zaidi ni siku zile theluji inapoyeyuka mchana, kisha usiku joto likashuka chini ya nyuzi 0. Asubuhi njia inaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu. Kanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Theluji ya mlangoni iondoe ikiwa bado laini. Ikilala usiku kucha hushikana kama jiwe. Na gari likifukiwa, tafadhali sana, fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Likiziba, hewa ya sumu isiyo na harufu huingia ndani, na inaua.

Upweke nao usiudharau. Mchana huwa mfupi, na giza humwingia mtu moyoni. Toka nje jua likiwapo, hata robo saa. Ukimwona jirani na koleo, chukua lako ukamsaidie. Urafiki wangu wa kwanza ulianzia hapo.