Muulize Mzee wa Dungu: Moyo wa nguruwe hauko unakodhani

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko Houston, nasoma shahada ya pili. Kwetu ni Tabora. Mwenzangu wa maabara ana shamba la familia karibu na Navasota, na nguruwe pori wamelifukua malisho hadi trekta linazama kwenye mashimo. Kanialika mwisho wa mwezi twende tukawapunguze, na bunduki kasema ataniazima. Yeye anasema bunduki ya kaliba ndogo, .223, inatosha. Baba yake anasema chini ya kaliba kubwa ya .308 nisithubutu. Mimi nilichosikia nyumbani ni kwamba mnyama hupigwa nyuma ya bega, basi. Nimsikilize nani? — Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kaliba tuanze na viza yako. Tangu Septemba 2019, Texas haidai leseni ya uwindaji kwa mtu anayewapiga nguruwe hawa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe. Wenyeji wako watakwambia hivyo, na ni kweli, kwao. Wewe una viza ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki, hata risasi zenyewe, isipokuwa kwa sababu chache. Iliyo rahisi kwako ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kwa hiyo leseni ambayo nguruwe haidai, bunduki inaidai. Ikate mapema na utembee nayo mfukoni.

Haya, nguruwe. Mimi nimekulia Songea, kwenye dungu la babu, tunapiga madebe usiku kucha ili mahindi yafike ghalani. Huku nako wana dungu lao, limeezekwa bati na lina kiti cha kuzunguka; wanaliita blaindi. Mwaka wangu wa pili wa kuendesha malori hapa, mwenye shamba mmoja kando ya mto Brazos alinipandisha humo na .243 mkononi. Jioni likatoka dume moja jeusi, likasimama ubavu, kama mita 70. Nikalenga nyuma ya bega, pale pale ambapo ningempiga swala. Likaguna, likaingia kwenye miiba. Tulilitafuta kwa tochi zaidi ya saa mbili, na damu tuliyoiona ilikuwa matone matatu juu ya jani. Mafuta ya nguruwe huziba tundu, ndiyo maana hakuna njia ya damu ya kufuata.

Tulipolipata na kulipasua, yule mzee wa Kitexas hakunisema kitu. Alinishika kidole akakipeleka kwenye tundu: ini limechanika na utumbo umetoboka. Kisha akakisogeza mbele, mbele zaidi, chini, mpaka katikati ya miguu ya mbele. Moyo ulikuwa hapo, mzima kabisa. Ukimpiga nguruwe kama swala unampiga tumbo, na anakufa polepole mahali usipomwona.

Basi akisimama ubavu, shika mstari wa mguu wa mbele, panda nao kutoka kwenye kiwiko hadi theluthi moja ya kimo cha kifua, uishie hapo. Usipande zaidi. Lile nundu na zile nywele za mgongoni zinadanganya jicho, na uti wa mgongo pale mabegani umepita chini kuliko unavyodhani. Ukipiga juu yake ataanguka kama gunia, utashangilia, halafu atainuka aondoke huku bado unashangilia.

Akikupa mgongo kidogo, yaani anaondoka kwa mshazari, hiyo ndiyo nafasi ninayoipenda: lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikukabili uso kwa uso, subiri. Na kama yuko karibu, ametulia anakula, na una kitu cha kuegemeza mtutu, piga chini kidogo ya sikio, kwenye shina lake. Ikipata, hapigi hatua. Ikikosa kwa vidole viwili unavunja taya, na mnyama mwenye taya lililovunjika anakufa kwa njaa. Mimi sipigi sikio zaidi ya mita 50, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa mwenzako na baba yake wote wana haki, ila wanazungumzia nguruwe tofauti. Dume kubwa lina ngao mabegani, gegedu na makovu ya ugomvi, unene wa sentimita 2 au 3. Nilipoichuna ile ya kwanza kisu kilikwama. Ilikuwa kama kukata katambuga. Kichwa chepesi cha .223 (kichwa ni ile ncha ya risasi inayoruka) cha greni 55, kipimo chao cha uzito, kile cha kupigia wanyama wadogo, kinaweza kupasuka juu ya ngao hiyo na kuishia kwenye nyama. Ukitumia .223, tafuta kichwa kizito zaidi, greni 62 na kuendelea, cha shaba tupu au kile ambacho madini ya risasi ya ndani na ganda la nje yamegandamana, na uwe mtu wa kusubiri sikio. Risasi za kijeshi zilizofunikwa ncha yote acha. Hupenya tundu dogo tu na kuendelea na safari, na nyuma ya nguruwe huwa kuna nguruwe wengine, au ng'ombe wa mwenye shamba.

Kwa mgeni kama wewe ningechukua .308 yenye kichwa cha greni 150, karibu gramu 10. Inapita bega zima na kutokea upande wa pili. Ikiwa mzee ana .30-30 ya zamani ukutani, nayo inafaa sana vichakani chini ya mita 100. Imeua wanyama tangu 1895. Lakini .308 ina teke. Mwombe akupe risasi kumi za kulenga karatasi kabla ya siku yenyewe. Ukijikuta unafumba macho kabla ya kufyatua, rudi kwenye .243 bila aibu. Risasi ndogo iliyofika mahali pake ni bora kuliko kubwa iliyopita tumboni, nami ndimi shahidi.

Ukishapiga, jaza risasi nyingine, ukae. Nusu saa. Usimwendee mbele, mwendee kwa mgongoni na umguse jicho kwa kijiti kirefu uhakikishe amekufa. Kuchuna ni kwa glavu, wana ugonjwa wa brusela. Nyama iive hadi nyuzi 71 ndani. Kitimoto cha nusu mbichi hakifai popote, huku ndiyo kabisa.

SWALI: Asalaam aleikum Mzee. Sisi tuna ekari sita nje ya Dallas na mbuzi wa maziwa. Nguruwe wameshakula watoto wa mbuzi wawili. Mume wangu anataka kununua bunduki, ila sisi hatuli nyama hiyo na hatutaki hata kuigusa. Tufanyeje? — Mama wa mbuzi

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Bunduki itawapa mmoja, wenzake wahame usiku huo huo na kurudi wiki ijayo wakiwa wajanja zaidi. Jike hubeba mimba siku 115 hivi na huzaa wanne hadi sita. Kwa mmoja mmoja hamtawafikia. Nyie wekeni zizi la mtego lenye mlango wa kushuka. Mwagieni mahindi humo kwa wiki mbili mlango ukiwa umeachwa wazi, mpaka kundi zima lizoee kuingia, ndipo mtege mlango ushuke. Kuna vituo vilivyoidhinishwa vinavyonunua nguruwe hai, nanyi mtafute mwenye gari wa kuwachukua. Hamgusi kitu. Ila msikubali mtu awachukue akawaachie shamba jingine; ni kosa, na mwezi ujao mtawaona tena kwa jirani.